Raporo Mbili za Mwezi wa Kwanza

Wamaza, tarehe 4 Machi 1957

Octave, mutoto wangu,

Salamu kwanza, maana wengine wanatanguliza shida mbele ya salamu kama watu wanaokimbia mvua. Sisi wote tuko wazima. Baba yako iko na kikohozi chake kile cha siku zote, anakitunza kama mali. Karanga zetu zimetoka vizuri kuliko za Véronique, na Véronique mwenyewe amekubali, si kwa mudomo lakini kwa macho.

Barua yako ilifika na kamio ya mupunga. Shoferi hajateremuka bado, mimi nilikwisha kuikamata. Nikaisoma uani, wanawake wakipeta mupunga, na nikaisoma kwa sauti, juu Masista hawakunifundisha kusoma kwa kunyamaza. Kalasi mbili tu nilisoma, lakini zilikuwa kalasi za zamani. Mutu akizipata zile, hasahau.

Basi nikawaeleza. Nikasema: shule yetu ya kilimo kule Kasongo (nasema yetu, juu mwana akisoma, mama naye anasoma) imemupa Octave kazi ambayo hapa hakuna mutu aliyepata kuisikia. Frère Gérard, mwalimu wake, anataka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akamate maandishi ya watu wa kazi ile atakayoifanya kesho, ayapasue kama unapasua samaki, aone nyama iko wapi na mifupa iko wapi. Nani anaandika, anamwandikia nani, anatafuta nini, anaacha nini.

Véronique akauliza, "Sasa hiyo ni kilimo? Jembe iko wapi?"

Nikamujibu, "Jembe iko mukononi mwako, Mama Pierre. Kalamu iko mukononi mwa wangu."

Walicheka. Véronique naye alicheka, lakini ungo wake ulianza kwenda mbio kidogo.

Uliniomba nimwendee Amisi, moniteri wetu wa kilimo, nimwombe raporo za zamani, zile karatasi anazomupelekea agronomu, muzungu mukubwa wa kilimo, kila mwezi. Ukasema, "Pole pole, Mama, bila kelele." Nimefanya hivyo. Ilikuwa siku ya kuuza mupunga. Amisi alisimama kwenye mizani na kofia yake nyeupe, watu mingi wakimuzunguka. Nikamukaribia, nikasema kwa sauti ya chini, ile sauti yangu ya chini ambayo watu wote wanaisikia vizuri: "Moniteri, mutoto wangu anataka raporo zako. Wazungu wa Kasongo wamemupa kazi ya kuziangalia."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Zote, Mama Octave?"

"Zile unazoona zinafaa," nikamwambia. Ndiyo heshima niliyomupa mbele ya watu.

Akasema atazileta mwenyewe nyumbani. Unaona? Kazi yako imekwisha kabla haijaanza.

Nakutumia karanga na samaki mukavu. Karanga wape wenzako. Samaki, kula.

Mama yako,
Régina


Kasongo, 16 Machi 1957

Mama,

Nakusalimu sana, wewe na Baba. Samaki nimekula peke yangu kama ulivyoagiza, na wenzangu wa chumba wamenuna mpaka leo.

Nakushukuru kwa kwenda kwa Amisi. Lakini Mama, wazungu hawakunipa kazi ya kuangalia raporo zake. Ni somo. Ngoja nikueleze namna tunavyosoma, uone.

Siku ya kwanza Frère Gérard alituletea kikaratasi alichokibandua kwenye mlango wa ghala. Kiliandikwa hivi tu: "Mbegu Jumatatu." Akauliza, "Huyu anamwandikia nani?" Tukasema, anawaandikia wakulima. Akasema, "Wote?" Tukaanza kufikiri. Anamwandikia yule anayejua kusoma. Anayejua tayari ni mbegu ya nini. Anayepita mlangoni pale kabla ya Jumatatu. Wengine wote hawakuandikiwa, na Jumanne wataambiwa ni wazembe. Maneno mawili, Mama, na tulikaa nayo asubuhi nzima.

Hivyo ndivyo nataka kusoma raporo za Amisi. Sitafuti makosa. Natafuta namna mtu wa kazi yetu anavyoandika akiwa na mvua, magugu na mkubwa wake kichwani kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nataka raporo kama zilivyo, zenye vumbi, zenye maneno yaliyofutwa.

Na uelewe uzito wake. Mwezi wa sita kila mmoja wetu atasimama mbele ya Frère na agronomu, asome kazi yake. Ikikubaliwa, napata diplome. Na kuna nafasi moja ya msaidizi wa kilimo kwetu Wamaza. Frère ameniambia nikisimama vizuri inaweza kuwa yangu. Ikikataliwa, narudia mwaka.

Kwa hiyo nakuomba, mwambie Amisi waziwazi: hili ni somo tu, na mimi ni mwanafunzi tu.

Mwanao,
Octave


Wamaza, tarehe 30 Machi 1957

Octave, mutoto wangu,

Wamaza! Nafasi ya Wamaza, na ulikuwa unanificha mupaka leo. Nimepima kwa macho: nyumba yako tutaijenga upande wa juu wa barabara, ili kila anayeenda sokoni aione akienda na aione akirudi. Baba yako anasema tungoje kwanza. Baba yako angengoja hata jua lichomoze mara ya pili.

Raporo hizi hapa. Amisi alizileta zimefungwa ndani ya kitambaa cheupe, kama mutoto anayepelekwa kubatizwa. Kwa siku mbili hakuonekana shambani, muke wake akasema iko ndani anaandika. Nimezifungua, nisamehe. Octave, mwandiko ule! Herufi zimesimama mustari kama watoto wa shule siku ya sikukuu. Uliomba vumbi, lakini vumbi hakuna hata punje, na mimi ningeona haya gani kumutumia mutoto wangu karatasi chafu.

Alileta na kuku. Sikumwomba. Alikuja na miguu yake mwenyewe, imefungwa tu kamba. Nikimurudisha itakuwa matusi, ndivyo ninavyoona. Na muzee wa mutaa wa chini ameleta chumvi, anasema, "Mutoto akiandika, akumbuke kwamba bonde letu lina maji, pamba haikubali." Nikamwambia nitafikisha. Nimefikisha.

Tena mambo yamebadilika hapa. Amisi anapita na kamba yake kupima mashamba upya, anasalimia watu kabla hawajamusalimia. Kilimo cha Wamaza kimepona juu ya jina lako.

Unauliza kama nilimwambia ni somo. Nilimwambia. Nilisema, "Octave anasema ni somo." Lakini ile ya "mwanafunzi tu" ilinishinda. Ile "tu" ilikataa kupita kooni. Sikukuzaa wewe na "tu".

Frère Gérard musalimie. Mwambie mama wa Octave anajua kusoma.

Régina, Mama Octave


Kasongo, 11 Aprili 1957

Mama,

Nimezisoma raporo. Nakuandikia nikiwa na huzuni, unisamehe kama maneno yatakuwa mafupi.

Hizi hazikuandikwa mwezi wa kumi, wala wa kumi na mbili, wala wa kwanza. Zimeandikwa zote mwezi wa tatu, kwa wino mmoja, kwa ajili yangu. Ndani yake mvua inanyesha siku inayotakiwa na inaacha siku inayotakiwa. Hakuna mgonjwa. Hakuna mbegu iliyooza. Na katika raporo ya mwezi wa kwanza nimekuta hivi: "Nyumba ya marehemu Ismaël, shamba la pamba, wamepalilia vizuri sana."

Mama, ni wewe uliyeniandikia mwezi ule kwamba Ismaël amefariki. Uliniambia ulilala pale na Mama Mwamvita, mjane wake. Na mimi ni mtoto wa hapo: nyumba yenye matanga haishiki jembe mpaka matanga yaondolewe. Nani alipalilia? Marehemu?

Nilimwonyesha Frère. Alizigeuza polepole, akaniuliza, "Octave, huko kwenu magugu hayaoti?" Wenzangu walicheka. Hawezi kuzipokea. Amenipa mpaka katikati ya mwezi wa tano. Nikikosa raporo za kweli sitasimama mbele ya agronomu, basi.

Ulimwambia nini Amisi pale kwenye mizani? Najua sauti yako ya chini. Nimekua nayo.

Amedhani nimetumwa kumkagua. Hapa kwetu ni nani anayeomba karatasi za mtu kwa wema? Nakuomba, rudi palepale uliposema kwanza, mbele ya watu walewale, useme tena. Na kuku arudi kwake.

Mwanao,
Octave


Wamaza, 25 Aprili 1957

Kwa Bwana Octave, Shule ya Kilimo, Kasongo

Baada ya salamu na heshima, nakuarifu kwamba mimi Amisi, moniteri wa kilimo, niko salama, na nyumba yangu iko salama, alhamdulillahi.

Mama yako alifika kwenye mizani siku ya mpunga, kuku mkononi. Akasema mbele ya watu wote: "Sikilizeni. Mutoto wangu si mukaguzi. Mukaguzi anatazama moniteri mmoja. Mutoto wangu anatazama kuandika kwenyewe, kwa Kongo nzima." Kisha akanikabidhi kuku, akasema alikuwa amekuja kwake kutembea tu. Bwana, sikujua kama nipumue au niogope zaidi.

Lakini alinifuata mpaka nyumbani, akakaa na mke wangu, akamwonyesha barua yako ya "Mbegu Jumatatu". Mke wangu akanisomea. Nikaona huyu kweli ni mwanafunzi. Basi nitakueleza.

Mwaka wa kwanza wa kazi yangu niliandika hivi katika raporo: "Nyumba ya fulani haikupalilia kwa sababu wako kwenye matanga." Karatasi ikarudi na mstari mwekundu juu ya neno matanga, na pembeni agronomu ameandika: "Hii si sababu ya kilimo." Nikafikiri nitaandika nini. Mwezi uliofuata nyumba nyingine ilikuwa na msiba. Nikaandika "uvivu". Haikurudi. Tangu siku ile najua neno linalopita na neno linalorudi. Nimewafundisha na wenzangu wawili wapya wa vijiji vya jirani. Ndiyo kazi yetu.

Katika raporo ya kweli ya mwezi wa kwanza, nyumba ya Ismaël nimeiandika wavivu. Kwa neno hilo Alimasi, mdogo wa marehemu, alipelekwa Kabambare kwa kifungo, kulima barabara. Aliporudi alinikuta njiani, akanisalimu vizuri, akasema, "Moniteri, wewe si ulikula matanga nyumbani kwetu?" Ni kweli. Nililia nao, na wali wao nilikula.

Basi nilipodhani wewe ni mkaguzi, nikaogopa utauliza habari za nyumba ile. Nikawapalilia kwa kalamu.

Raporo za kweli, nakala ninazobaki nazo, ndizo hizi nilizozifunga pamoja na barua. Zina vumbi. Nakuomba jambo moja: jina langu lisitajwe. Agronomu akisikia kwamba nimesema wino wake ndio unaonifundisha kuandika hivi, atanifukuza kazi kabla ya pamba kuvunwa, na watoto wangu wako shuleni kama wewe.

Wako katika kazi,
Amisi


Kasongo, 4 Mei 1957

Mzee Amisi,

Salamu na heshima nyingi kwako na kwa mama wa nyumbani.

Raporo nimezipokea. Barua yako nakurudishia humu ndani, ili isikae mikononi mwa mtu yeyote, hata mimi. Jina lako halitatajwa, wala la Wamaza. Wanafunzi tumechanganya raporo zetu, kila mmoja amechukua pia za vijiji vya wenzake, kwa hiyo anayesikia hatajua zipi zimetoka wapi.

Lakini nakuomba ruhusa nitumie raporo zote mbili za mwezi wa kwanza, ya kweli na ile uliyoniandikia mimi. Nilikuwa nimeitupa kitandani kwa hasira. Sasa naona ndiyo iliyonifungua macho. Kwa agronomu, nyumba ile ni wavivu. Kwa mkaguzi uliyemwogopa, wamepalilia vizuri sana. Kwangu mimi, uliponiamini, wako kwenye matanga. Shamba ni lilelile na magugu ni yaleyale. Aliyebadilika ni msomaji.

Sijaona jambo hili katika kitabu chochote tulichopewa. Ukikataa, nitaliacha.

Nakuahidi kama mtoto wa hapo.

Octave


Wamaza, tarehe 24 Juni 1957

Octave, mutoto wangu,

Sina wasiwasi. Ninaandika barua hii juu ya kukuambia kwamba sina wasiwasi.

Shoferi wa kamio anasema mutihani wenu umekwisha tangu wiki ya kwanza. Nikamuuliza, "Na Octave?" Akasema, "Octave gani?" Nimeacha kumupa ndizi.

Amisi aliniambia amekupa ruhusa, na hakusema ruhusa ya nini. Sikuuliza. Yaani niliuliza, hakujibu.

Uwanja wa nyumba yako umefyekwa. Nilisema tutangoja, lakini Pierre wa Véronique alikuwa na nafasi na panga lilikuwa kali. Tena nimesema kwa wachache tu kwamba unarudi Wamaza na kazi: wanawake wa kanisa, watu wa mizani, na wale wa mutaa wa chini wenye bonde. Véronique ananiuliza kila asubuhi, "Mama Octave, posta inasema nini?" Anauliza kwa upole kabisa. Upole wa Véronique ni kitu cha kuogopwa.

Baba yako ameacha kukohoa. Anakaa mulangoni anasikiliza kamio.

Andika hata maneno mawili. Umesema mwenyewe mutu anaweza kukaa na maneno mawili asubuhi nzima.

Mama yako


Kasongo, 30 Juni 1957

Mama, barua hii usome peke yako, ndani ya nyumba.

Ukishaingia ndani, endelea.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwa nangoja majibu, na majibu yalikuwa yanabishaniwa.

Nilisimama. Nikasoma sehemu ya kwanza, ya namna raporo zinavyoanza na kumalizika, na agronomu alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Nikafika kwenye zile mbili za mwezi wa kwanza. Nikasoma ya kwanza, nikiruka majina. Nikasoma ya pili. Nikaeleza habari ya mstari mwekundu, kwamba mwandishi hujifunza kutoka kwa kalamu ya msomaji wake, na kwamba mkubwa anayekataa sababu moja ataletewa nyingine, naye ataiamini.

Agronomu akaweka sigara chini. "Huyu moniteri ni nani?"

"Bwana, somo letu ni maandishi."

"Nimeuliza jina."

"Sitalisema, Bwana."

Akasema, "Unajua nafasi ya Wamaza nani anaitoa?"

"Najua. Ni wewe, Bwana."

"Basi nakuuliza mara ya mwisho."

"Sitalisema, Bwana."

Frère Gérard hakuinua kichwa, alikuwa anaandika. Nikaomba ruhusa ya kuendelea, nikasoma mpaka mwisho. Sauti haikutetemeka. Sauti ile si yangu, ni ya kwako.

Wamebishana siku nyingi. Frère amesimama upande wangu: diplome nimepata, na kazi yangu ndiyo ya kwanza katika kalasi yote. Lakini diplome ni ya Frère na nafasi ni ya agronomu. Wamaza amepewa mwingine. Mimi naenda Lusangi. Ni kazi ileile, mshahara uleule, mbali na wewe.

Sasa nakuomba kitu ambacho sijawahi kukuomba. Usiseme. Hapa Kasongo watu wanajua nilikataa jina, lakini jina hawalijui. Hapo Wamaza moniteri ni mmoja. Ukisema nilikataa, umesema jina. Mizani ikisikia, kamio itasikia, na kamio inalala Kabambare, kwa wakubwa. Waambie tu nimepata diplome na nimepelekwa Lusangi. Najua watauliza kwa nini si Wamaza. Najua Véronique atauliza kwanza.

Mwanao,
Octave


Wamaza, tarehe 12 Julai 1957

Octave, mutoto wangu, mwenye diplome,

Barua yako ilinikuta uani, wanawake wamejaa. Nikafungua, nikaanza kwa sauti, "Mama, barua hii usome," kisha nikaona maneno yanayofuata. Nikakamata kikohozi cha baba yako palepale, nikakohoa mupaka machozi, nikaingia ndani, nikafunga mulango. Tangu nijue kusoma, hiyo ni mara ya kwanza kusoma kwa kunyamaza. Inachosha. Nilirudia mara nyingi.

Baba yako nilimusomea sikioni. Alitoka, akaenda kwenye uwanja ule tuliofyeka, akapanda mihogo. Aliporudi akasema, "Lusangi nitafika kwa velo, nikikanyaga pole pole."

Jioni nilitoka. Nikawaambia: Octave amepata diplome, wa kwanza kalasi nzima, iko anaenda Lusangi. Wakapiga vigelegele. Véronique alingoja viishe, maana ule ni mutu mwenye adabu, akasema, "Lakini Mama Octave, si ulituambia Wamaza?"

"Nilisema."

"Na uwanja umefyekwa."

"Umefyekwa."

"Kumbe wa kwanza wa kalasi ndiye anayepelekwa mbali. Na wa pili je, anapelekwa Ulaya?"

Watu walicheka mupaka ungo zikaanguka. Octave, jibu lilinijaa mudomoni kama chai ya moto. Kulitema, siwezi; kulimeza, linachoma. Nikasema, "Mihogo inatoka vizuri kwenye uwanja mupya." Jibu baya sana. Véronique mwenyewe aliona ni baya, akaniangalia kama anataka kuniuliza kama niko mugonjwa.

Amisi alikuja kesho yake. Akauliza umepewa wapi, nikamwambia Lusangi. Akauliza, "Na Wamaza?" Nikasema, "Wamaza amepewa mwingine." Alikaa. Nikaona amefahamu yote, na yeye akaona nimeona. Muke wa jirani yangu, Louise, alikuwa anapita na maji, tukamwambia habari za mvua.

Wiki iliyofuata Louise amefiwa na mukwe wake. Nyumba nzima imeweka jembe chini, na pamba iko inangoja kuvunwa. Amisi alikuja matangani, akakaa na wanaume, akala. Asubuhi alipita kwangu na karatasi ya mwezi, akanionyesha mustari mumoja kwa kidole. Aliandika matanga. Amelitia sahihi na jina lake. Nikamuuliza, "Likirudi na wino?" Akasema, "Likirudi nitaliandika tena, tuone wino wa nani utakwisha mbele." Karatasi imekwenda. Haijarudi. Hatujui.

Sasa nisikilize vizuri. Tangu ulipozaliwa nimekusifu hapa kwa mambo madogo. Ulipoota meno nilisema. Ulipojua kuandika jina lako nilipeleka karatasi sokoni. Leo umefanya kitu chenyewe, na ndicho kile siwezi kumwambia mutu. Sifa zimenijaa mupaka silali, na hakuna masikio ya kuyamwagia.

Kwa hiyo nimefikiri. Iko mutu mumoja tu ninayeruhusiwa kumwambia, juu anajua tayari. Basi kaa hapo kwenye kitanda chako, ufanye kama wewe ni jirani yangu, na mimi nimekuja na ungo wangu.

Jirani, umesikia habari ya mutoto wa Régina? Hukusikia? Sogea. Yule waliyemupeleka Lusangi. Watu wanasema alishindwa. Waache waseme. Alisimama mbele ya agronomu muzima, muzungu mwenye nafasi zote mukononi. Akaulizwa jina la mutu, mutu maskini mwenye watoto. Akajibu, "Sitalisema, Bwana." Wakamuonyesha kazi yake mwenyewe, ya kwao, karibu na mama yake, wakamuuliza tena. Akajibu vilevile. Kisha akaomba ruhusa ya kuendelea kusoma. Ruhusa, jirani. Kwa adabu. Sauti haikutetemeka, na ile sauti unajua ametoa wapi.

Na mama yake? Mama yake iko hapa Wamaza anapeta mupunga, wanamucheka juu ya Lusangi, na amefunga mudomo. Wewe unamujua mama yule. Niambie kati yao wawili ni nani amefanya kazi ngumu.

Lakini usimwambie mutu.

Mama yako,
Régina